Sura ya Nne: Shilingi Tano

Miaka mingi kabla benki ya kwanza haijafungua mlango Maniema, Kasongo iliendeshwa kwa mali ya watu waliokaa mbali. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip ambaye jina lake bado halijafa katika nchi hii, aliondoka pwani karibu na mwaka 1870 akiwa na nguo, shanga na bunduki za mkopo. Aliyemkopesha ni Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1882. Kwa miaka 12 hivi tajiri yule alikuwa na mali yake ndani ya nchi ambayo hakuwahi kuiona, na habari zake alizipata kwa barua na kwa midomo ya wapagazi waliopita Kabambare, Ujiji na Tabora. Biashara yenyewe haifai kupambwa. Ilikuwa biashara ya pembe zilizobebwa mabegani mwa watumwa, na vijiji vilivyochomwa moto ni vya mababu wa wengi watakaosoma kitabu hiki. Lakini kuna jambo moja ndani yake linalotuhusu. Taria Topan hakuwa na mahali ambapo kila asubuhi angeambiwa: leo deni lako kwa Tippu Tip lingeuzwa kwa bei hii. Angekuwa napo, nadhani angeliuza mara tatu na kulinunua tena mara nne.

Mwenye hisa wa leo ana mahali hapo, na ndipo shida yake inapoanzia. Anaweka fedha katika kampuni ambayo kazi yake itaiva baada ya miaka 10, halafu anaonyeshwa bei kila siku, tangu soko lifunguliwe hadi lifungwe. Ikipanda anajiona mwerevu. Ikishuka usingizi unapotea. Watu wakimwona hivyo humwambia asubiri, subira huvuta heri. Ushauri huo una ukweli nusu, na sura hii ni juu ya ile nusu nyingine: subira ya nini hasa, na mpaka lini.

Tuanze na hisa ambazo watu wa Lusangi, Kasongo na Kabambare wanazijua kwa mikono yao. Katika AVEC, yaani kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa, wanachama wakikutana kila mmoja hununua hisa, moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana tangu mwanzo wa mzunguko. Fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya wote na kuingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko, sanduku linafunguliwa, riba ya waliokopa inajumlishwa, watu wanagawana. Hisa ya AVEC haina uvumi. Hakuna mtu atakayekuja mwezi wa nne kukwambia hisa yako sasa ina thamani mara mbili kwa sababu watu wa Bukavu wamesikia kikundi chenu kina akili. Bei yake ni kilichomo ndani ya sanduku.

Hisa ya sokoni ni tofauti hapo tu, na tofauti hiyo ni kubwa. Bei yake inabeba kilichomo ndani ya sanduku pamoja na kile ambacho watu wanaamini kitaingia. Kwa kampuni ya saruji au ya bia, sehemu ya pili ni ndogo. Kwa kampuni ya teknolojia inayosifiwa, sehemu ya pili inaweza kuwa karibu bei yote. Anayenunua analipa leo kwa kesho ambayo wengine tayari wameshaipangia bei.

Congo haina soko la hisa. Hata hivyo, kati ya mitandao mikubwa ya simu ya nchi hii, mitatu ina wenyewe wanaouziana hisa ng'ambo kila siku: Vodacom huko Johannesburg, Airtel Africa huko London, Orange huko Paris. Mtu wa Kasongo anaponunua unite au kumtumia mama yake fedha kwa simu, senti fulani ya makato inaelekea kwa watu ambao huenda hawajui Maniema iko wapi. Kwa hiyo hatuwezi kusema mambo haya ni ya wenzetu. Sisi tumo, ila upande wa wateja.

Mfano bora zaidi wa upande ule mwingine hauko London wala Paris. Uko Nairobi.

Mwezi Machi 2008 Kenya ilikuwa imetoka kwenye damu. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeua watu zaidi ya elfu moja na kufukuza wengine kwa malaki. Tarehe 28 Machi, serikali ikafungua mauzo ya hisa za Safaricom: hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Upande wa Raila Odinga ulikuwa umepinga uuzaji huo, na palikuwa na maswali mazito kuhusu Mobitelea, kampuni iliyokuwa na sehemu ndani ya Safaricom bila wananchi kujua ni ya nani. Hayo yote hayakuwazuia watu. Foleni zilizunguka majengo ya benki. Wengi walikuwa wanafungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa, kwa mara ya kwanza maishani. Benki zilikopesha watu fedha za kununulia hisa. Mauzo yalipofungwa tarehe 23 Aprili, maombi yalikuwa yamepita hisa zilizokuwepo zaidi ya mara 4.

Kwa nini pupa ile? Jibu halimo katika Safaricom. Limo katika KenGen. Mwaka 2006 kampuni hiyo ya umeme iliuza hisa zake kwa shilingi 11.90, na ndani ya siku chache tangu zianze kuuzwa sokoni bei ilikuwa imepita mara tatu ya hapo. Kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na mtu aliyenunua KenGen akauza haraka na kununua pikipiki au kiwanja. Miaka miwili baadaye watu hawakuwa wananunua kampuni ya simu. Walikuwa wananunua KenGen ya pili.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40 hivi, kwa hiyo kwa shilingi 5 kampuni nzima ilithaminiwa shilingi bilioni 200. Faida yake ya mwaka ulioishia Machi 2008, baada ya kodi, ilikuwa karibu bilioni 13.9. Mnunuzi alikuwa analipa faida ya miaka 14 kwa mkupuo mmoja. Huo ndio mzani ambao msomaji hana budi kuujua: bei igawanye kwa faida ya mwaka, uone unalipia miaka mingapi. Miaka 14 kwa kampuni inayokua haraka si wizi wala si zawadi. Ni bei ya haki. Lakini bei ya haki haiwezi kumtajirisha mtu kwa wiki moja, na wiki moja ndiyo waliyokuwa wanaitaka.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa zikaanza kuuzwa. Siku hiyo bei ilipita shilingi 7. Waliouza pale walifurahi. Lakini wengi walikuwa wamegawiwa sehemu ndogo tu ya walichoomba, kwa kuwa hisa hazikutosha, na fedha zilizobaki zilichelewa kurudishwa. Aliyekopa benki aombe hisa nyingi alijikuta analipa riba ya mkopo mzima kwa hisa chache. Kisha, Septemba, benki ya Lehman Brothers ikaanguka New York, wageni wakaanza kutoa fedha zao Nairobi, na bei ikazidi kuteremka. Machi 2009 ilikuwa chini ya 3.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu walipotengana. Wanahisa zaidi ya 800,000 walikuwa na karatasi moja ileile. Wengine waliuza kwa shilingi 3 na kuapa kutogusa soko tena, na nawajua Wakenya ambao hata leo ukiwatajia hisa wanakunja uso. Wengine hawakuuza, lakini tusiwape wote sifa ya subira: wengi wao walisahau tu, au waliona fedha zilizobaki ni ndogo mno kuhangaikia. Wachache walifanya kazi iliyotakiwa. Waliangalia vitabu.

Vitabu vilisema nini? Faida ya mwaka ulioishia Machi 2009 ilishuka hadi bilioni 10.5. Ikapanda kupita 15 mwaka uliofuata. Kisha Agosti 2010 mshindani, aliyekuwa anageuka kutoka Zain kuwa Airtel, akakata bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na vita ya bei ikaanza. Faida ya Safaricom ikarudi nyuma miaka miwili mfululizo, 13.2 kisha 12.6. Mtu aliyenunua mwaka 2008, akiwa mwaka 2012, alikuwa na hisa ya bei ya chini kuliko aliyolipa na kampuni yenye faida ndogo kuliko aliyoikuta. Miaka minne. Ukimwambia mtu huyo avute subira, ana haki ya kukuuliza unachekesha au unashauri.

Lakini ndani ya vitabu hivyohivyo palikuwa na mstari mmoja uliokuwa unanenepa. M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka mmoja tu kabla ya mauzo ya hisa. Wakati wa foleni zile ilikuwa huduma changa ya kumtumia mtu wa kijijini fedha, na wachache waliiwekea hesabu katika shilingi zao 5. Kila ripoti ya mwaka iliyotoka baada ya hapo, hadi ile ya 2020, ilionyesha makato ya M-Pesa yamepanda, hata katika miaka ya vita ya bei. Kufikia 2020 ilikuwa inaleta karibu theluthi ya mapato ya huduma za kampuni. Mwenye macho hakuhitaji kuwa nabii. Alihitaji kusoma ukurasa mmoja mara mbili kwa mwaka na kujiuliza kama kile anachokisubiri kinakuja au hakiji. Hiyo ndiyo subira ninayoisema. Nyingine ni kukaa tu.

Bei ilirudi kwenye shilingi 5 mwishoni mwa 2012. Baada ya hapo ikashika njia. Faida ilikuwa bilioni 23 mwaka 2014, 38 mwaka 2016, 55 mwaka 2018, karibu 74 mwaka 2020. Gawio lililokuwa senti 10 kwa hisa mwaka 2009 lilifika shilingi 1.40 mwaka 2020. Aliyekuwa na zile hisa 2,000 za kiwango cha chini alipata shilingi 200 mwaka 2009 na 2,800 mwaka 2020, kabla ya kodi, kwa mtaji wa 10,000. Ni asilimia 28 kwa mwaka, bila kuuza kitu.

Simulizi nyingi za Safaricom huishia hapo, na mwandishi anasimama kupigiwa makofi. Mimi naona sehemu yenye mafunzo ndiyo kwanza inaanza.

Agosti 2021 bei ilifika karibu shilingi 44. Tugawanye tena. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa bilioni 68.7, mara 5 ya ile ya 2008. Bei ilikuwa imepanda karibu mara 9. Kama wanunuzi wa 2021 wangelipia miaka 14 ya faida, kama walivyolipia wale wa 2008, hisa ingekuwa shilingi 25 hivi. Shilingi 19 zilizobaki hazikutoka katika simu wala katika M-Pesa. Zilitoka katika vichwa vya watu. Soko sasa lilikuwa linalipia zaidi ya miaka 25 ya faida, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaiona miujiza na akaanza kuihesabu mapema. Na Ethiopia ilikuwa imefunguka: mwaka uleule kundi lililoongozwa na Safaricom lilipata leseni ya huko kwa dola milioni 850. Nchi ya watu zaidi ya milioni 100, mtandao mmoja tu wa serikali. Nani asingetamani?

Huduma Ethiopia ilizinduliwa Oktoba 2022. Kujenga minara kunakula fedha miaka mingi kabla ya kuleta, jambo ambalo hata mtoto wa fundi analijua. Wakati huo riba Marekani ilikuwa inapanda na wageni wakawa wanatoka masoko ya Afrika. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa bilioni 52.5, pungufu kwa robo hivi kuliko ya 2021. Bei je? Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 14. Imepoteza theluthi mbili. Kampuni ilipunguza robo, soko likakata theluthi mbili, kwa sababu likaacha kulipia miaka 25 na kuanza kulipia miaka 10 hivi.

Kwa hiyo wako watu wawili wenye hisa ileile, mmoja wa 2008 na mmoja wa 2021, wote wamesubiri, na mambo yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza aliingia wakati matumaini yana bei ya kawaida, akangoja kazi ya kampuni imlipe. Wa pili alilipia kazi pamoja na sifa zake zote. Hata subira yake ikiwa ndefu kuliko ya yule wa kwanza, sehemu ya kwanza ya miaka yake itatumika kulipa deni la matumaini ya watu wengine. Mwaka 2025 bei ilirudi juu ya shilingi 25. Kwa wa 2008 ilikuwa mara 5. Kwa wa 2021 bado ilikuwa hasara kubwa.

Tena tusisahau sarafu. Sisi wa Congo tunafikiri kwa dola hata tunapolipa kwa franka, basi tufanye hivyo hapa. Mwaka 2008 dola moja ilikuwa shilingi 62 hivi za Kenya. Shilingi 5 zilikuwa senti 8 za dola. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa imepita shilingi 150, na ile hisa ya shilingi 14 ilikuwa kama senti 9. Miaka 15, kampuni iliyobadilisha maisha ya nchi nzima, na kwa dola bei ilikuwa karibu pale ilipoanzia. Kilichomlipa mwenye hisa wa dola katika muda wote huo ni magawio aliyoyapokea njiani, kama hakuuza kule juu. Wakenya hawapendi kuambiwa hesabu hii, na naelewa. Lakini mtu wa Kasongo akitaka kununua kitu Nairobi atakwenda na dola na atarudi na dola.

Kuna subira ambayo hailipwi kabisa. Tarehe 2 Machi 2000 hisa ya France Télécom, kampuni ambayo leo inaitwa Orange, ilifika euro 219 huko Paris. Ulikuwa wakati wa homa ya intaneti na simu za mkononi. Kilichotabiriwa na wanunuzi wa siku ile kimetimia karibu chote: simu imefika mfukoni mwa muuza samaki wa Kasongo, watu wanatazama picha za video msituni, mamilioni ya Waafrika ni wateja wa Orange. Walikuwa sahihi kuhusu dunia. Kuhusu bei walipotea, maana kufikia mwisho wa Septemba 2002 hisa ile ilikuwa chini ya euro 7, kampuni ikiwa imezama katika deni la karibu euro bilioni 70, na tangu wakati huo haijakaribia tena 219. Robo karne imepita. Teknolojia ilishinda, mwenye hisa akashindwa, na hakuna ubishi kati ya mambo hayo mawili.

Mfano wa nyumbani ni mchungu zaidi, nao si wa teknolojia ila wa dhahabu. Nauleta kwa kuwa Namoya iko Kabambare, na watu wa huku waliiona kampuni ile kwa macho yao wakati wanahisa wake wa Toronto na New York waliiona katika karatasi. Banro, kampuni ya Canada, iliingia mwaka 1996 kwa kununua haki za SOMINKI, kampuni ya zamani ya madini. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikazifuta haki hizo. Mwaka 2002 mapatano yakafanyika na zikarudishwa. Ikaja miaka ya kutafuta na kupima mwamba, na kila tangazo la wakia zilizokutwa ardhini liliwapa wanahisa sababu ya kungoja zaidi. Mwaka 2012 kampuni ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10. Dhahabu ilikuwa imepita dola 1,900 kwa wakia mwaka uliotangulia, na nani alifikiri ingeshuka? Ilishuka. Namoya ilitangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na mwisho wa mwaka uliotangulia wakia ilikuwa chini ya dola 1,100. Barabara mbovu, mashambulizi ya wenye silaha, ugomvi na wachimbaji wadogo walioambiwa waondoke kwenye vilima walivyokuwa wakichimba: hayo watu wa Salamabila, penye mgodi huo, wanaweza kuyasimulia kuliko mimi. Desemba 2017 Banro ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya Canada dhidi ya wadai wake. Mwaka 2018 wadai wakaichukua kampuni, na hisa za zamani zikafutwa bila malipo.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2020, dhahabu ikapita dola 2,000. Mwanahisa aliyesema dhahabu itapanda alisema kweli. Ila hakuwa tena na hisa. Kampuni yenye deni kubwa haina muda wa kuwasubiri wanahisa wake, kwa sababu anayeamua saa ya mwisho ni mdai, na mwanahisa anasimama wa mwisho kwenye mstari. Safaricom ya 2009 na Banro ya 2013 zote zilikuwa na hisa zilizoshuka na mashabiki waliohimiza subira. Ya kwanza ilikuwa inapata faida katika mwaka wake mbaya kuliko yote. Ya pili ilikuwa inalipa riba kwa ahadi. Ukiniuliza nianzie wapi kusoma vitabu vya kampuni yoyote inayosifiwa, nakwambia anzia kwenye deni, halafu faida, na mwisho kabisa ndipo usome maneno ya mkurugenzi.

Jumia naitaja kwa haraka, maana vijana wanaiuliza sana. Iliingia soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, ikaitwa Amazon ya Afrika, ikapanda, ikaanguka, Februari 2021 ikapita dola 60, ikaanguka tena. Katika miaka hiyo yote haikuwahi kupata faida ya mwaka. Huwezi kugawanya bei kwa faida ambayo haipo. Aliyenunua alikuwa ananunua matumaini matupu, na aliyepata alipata kwa kumuuzia mwenye matumaini zaidi. Na Vodacom Tanzania iko upande wa pili: sheria iliilazimisha kuuza robo ya hisa, ikauza mwaka 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania, kampuni ni kubwa na ya kweli, ila miaka kadhaa baadaye hisa zilikuwa zinauzwa chini ya bei ile. Kampuni nzuri ikiuzwa ghali inakuwa biashara mbaya kwa mnunuzi. Sioni namna ya kulilainisha hilo.

Msomaji wa Lusangi atasema: mwalimu, yote haya yanisaidie nini, soko la karibu liko Kigali au Dar es Salaam? Yanasaidia kwa njia mbili. Njia moja ni ya wale wenye ndugu Nairobi, Kampala, Kigali au Ulaya, ambao wanaweza kufungua akaunti kwa dalali wa hisa aliyesajiliwa na mamlaka ya masoko ya nchi ile. Hao wapo, na tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wanaongezeka wanaouliza. Kwao ninasema: kabla ya kununua, andika kwenye daftari kitu unachokisubiri. Si bei. Kitu. Wateja wa huduma fulani waongezeke, deni fulani liishe, nchi fulani ianze kuleta faida. Andika na tarehe utakayorudi kuangalia. Kitu kikija, kaa hata kama bei imelala. Kisipokuja mara mbili mfululizo, ondoka hata kama bei imepanda, na usimsikilize anayekuita mwoga.

Njia ya pili ni ya kujikinga. Wazee wanakumbuka Bindo, ule mchezo wa fedha wa piramidi ulioanza Kinshasa na kuanguka mwaka 1991 na fedha za watu wengi. Siku hizi Bindo inakuja ndani ya simu, imevaa majina ya kampuni kubwa za teknolojia, na inaahidi asilimia fulani kila mwezi. Sasa msomaji ana kipimo. Kampuni iliyofanikiwa kuliko nyingi katika Afrika Mashariki miaka minne baada ya kuuza hisa bado ilikuwa chini ya bei yake ya kwanza, na mwaka wake wa kwanza sokoni ilimpa mwenye shilingi 10,000 gawio la shilingi 200. Anayekuahidi kukulipa zaidi ya hapo kabla ya mwezi kwisha hana kampuni. Ana orodha ya majina ya watu, na wewe ni jina linalofuata.

Neno la mwisho ni la kalenda. Fedha za AVEC zina siku ya kugawana, na mchango wa likelemba una zamu. Hisa haina siku. Waliokopa mwaka 2008 kununua Safaricom hawakukosea kampuni. Walikuwa na mkopo wa miezi kwa kitu kilichohitaji miaka, na benki iliwafikia kabla kampuni haijawafikia. Kwa hiyo nunua kwa fedha ambazo hutaziulizia kwa miaka mitano, na kama huna fedha za namna hiyo, hakuna aibu. Minerval ya shule ya Septemba, dawa za mzazi na mbegu za msimu ujao zibaki katika sanduku la kufuli tatu.